Hesabu ya Jioni

Neno "adili" tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na mwenye kulichimba mpaka mizizini hukuta jambo asilolitazamia. Katika shina lile lile lililozaa maana ya haki na usawa, mna neno la watu wa misafara, lenye maana ya mzigo mmoja katika mizigo miwili ya mnyama. Mpakiaji huning'iniza shehena moja ubavu wa kulia wa ngamia, na shehena ya pili ubavu wa kushoto, naye hana budi kuzisawazisha kabla ya safari. Zikipishana uzito, mnyama hutembea upogo, ngozi yake huchubuka, na mwisho shehena zote mbili, iliyozidi na iliyopungua, huanguka mchangani pamoja. Napenda kuwaeleza wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, kwa sababu huwaondolea dhana iliyokaa vichwani mwao tangu utoto, ya kuwa mwadilifu ni mtu mpole asiyeudhi watu, asemaye taratibu na kuvaa nguo zilizopigwa pasi. Upole ni jambo jema, nami sina ugomvi nao. Lakini neno hili halikutoka katika upole. Limetoka mgongoni mwa mnyama aliyebeba vitu viwili vizito kwa wakati mmoja, wala hana ruhusa ya kutupa kimoja.

Walakini ngamia si mnyama wa kwetu. Mimi ni mtu wa Uluguru, nami nilikulia Kingolwira nyumbani kwa mjomba wangu. Na kila nilipotaka kuifikiri maana ya uadilifu, fikira zangu hazikwenda jangwani. Zilirudi katika mashamba ya tambarare ile, yaliyolimwa na watu waliokuwa katika kifungo.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu huipita Kingolwira muda mfupi kabla ya kuingia mji wa Morogoro. Kushoto kwake imesimama milima ya Uluguru, aghalabu imefunikwa mawingu kuanzia kiunoni kwenda juu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka wa 1907, nayo yapita pande hizo, na mkonge ulioteshwa huko kwa safu ndefu zilizonyooka kama mistari ya daftari. Hapana kitu kinachomlazimu msafiri kusimama. Hata hivyo mahali hapa pana jina katika historia ya adhabu. Serikali ya Kiingereza iliitenga idara ya magereza na polisi mwaka wa 1931, na katika miaka iyo hiyo ya 1930 ikaanzisha Kingolwira gereza la shamba lisilozungukwa na ukuta. Watu waliohukumiwa kwa sheria, wenye namba na sare, waliamka asubuhi wakashika majembe wakaenda shambani, na kati yao na dunia hapakuwa na kitu ila upeo wa macho.

Gereza lisilo na ukuta ni maneno yanayogombana. Wataalamu wa lugha huliunganisha neno gereza na neno la Kireno lenye maana ya kanisa: Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao, wenyeji wakaiita ngome yote kwa jina la kanisa lililomo, na ngome zilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, jina likabaki. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa jela tangu mwaka wa 1895 hata 1958, na kuta zake nene zingalipo kwa mwenye kutaka kuzipima. Hivyo mawe yamo ndani ya neno lenyewe. Ukiyaondoa mawe, hubaki nini? Swali hili halikuwa letu peke yetu. Mwaka wa 1955 wajumbe wa mataifa walikutana Geneva katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya uhalifu na namna ya kuwatendea wakosaji, wakajadili magereza ya wazi, wakayasifu kuwa ni mahali ambapo nidhamu ya mtu mwenyewe huchukua nafasi ya komeo. Kingolwira ilikuwa imekwisha kulima misimu mingi kabla ya sifa hizo.

Nilipokuwa mtoto swali langu lilikuwa fupi zaidi. Kwa nini hawakimbii?

Watu wazima niliowauliza walinipa majibu mengi, na yote yalikuwa kweli. Wafungwa wa mahali kama pale huchaguliwa. Haji pale kila mtu. Aliyebakiwa na kifungo kifupi hakitupi kwa tamaa ya siku chache za porini. Mtoro akikamatwa huongezewa adhabu. Zaidi ya hayo, mtu akitoroka huenda wapi, kama si kwao, na kwao ndiko atakakotafutwa kwanza? Tena kuna chakula, ambacho wenye kushiba hupenda kukisahau katika mazungumzo ya maadili. Msomaji mwerevu atasema basi kwamba hapa hapana uadilifu wowote, pana hesabu ya faida na hasara tu. Mfungwa hakukimbia kwa sababu kukimbia hakulipi.

Mwanafalsafa Plato aliwahi kuandika kisa cha mchungaji Gyges aliyepata pete ya kumfanya asionekane, na kwa pete hiyo akatenda maovu makubwa. Kisa hicho hutolewa ili kuuliza kama yupo mtu atakayebaki mwema iwapo hakuna amwonaye. Kwa miaka mingi nimekisomesha, na kwa miaka mingi nimekiona kina kasoro. Wengi wetu hatutapata pete ile. Hali yetu ni ya shamba: twaonekana, twajulikana majina, njia za kutorokea zi wazi pande zote, na sababu zetu za kubaki zimechanganyika kama nafaka katika gunia la mchuuzi, woga kidogo, mazoea kidogo, haya kidogo, upendo kidogo. Anayetaka kuitenga ile chembe safi ya wema, azitupe nyingine zote, ataishia na mkono mtupu. Nasadiki kwamba mtu aliyebaki mahali pake kwa sababu kumi, na moja kati ya hizo ikawa njema, amebaki. Na kesho ile moja yaweza kuwa mbili.

Mjomba wangu alikuwa askari wa magereza. Aliingia kazini akiwa kijana mnamo katikati ya miaka ya 1970, akatumika Kingolwira, akahamishwa huku na huko, akarudi kustaafu karibu na pale alipoanzia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na jambo moja tu la kazi yake alilizungumza kwa kirefu: kuhesabu. Watu waliotazama jela kwa mbali, alisema, hudhani kazi ya askari ni bunduki na funguo. Kazi ya askari ni hesabu. Huwahesabu asubuhi kabla hawajatoka, huwahesabu warudipo, huwahesabu tena kabla ya kulala, na kila hesabu huandikwa kitabuni. Hesabu ya jana, hata ikiwa sahihi namna gani, haikusaidii leo. Hakuna askari aliyemwambia mkubwa wake, "Nimewahesabu miaka ishirini hawakupungua, basi jioni hii nimepumzika."

Siku moja, katika utumishi wake wa mkoa mwingine, kwenye shamba la gereza ambalo sitalitaja, aliwatoa watu kumi na saba kwenda kupalilia ng'ambo ya kijito. Kijito kile kilivukwa kwa miguu, maji yakifika magotini. Mchana mvua ilinyesha juu mlimani, ambako wao hawakuiona. Jioni walipokuwa wakirudi, mjomba alitangulia kupima kina, watu kumi na wawili wakamfuata. Na wale watano wa mwisho, pamoja na nyapara wao, walikuwa hawajatia mguu majini, maji mekundu yalipokuja kwa kishindo yakachukua kivuko. Walipungiana mikono. Walipigiana kelele, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Giza likaingia.

Alirudi na kumi na wawili. Kitabu kilikuwa mezani, na safu ya jioni ilikuwa tupu ikimngoja. Alinieleza kwamba katika dakika zile aliona njia mbili, zote nyepesi. Ya kwanza ni kuandika kumi na saba. Maji hupungua alfajiri. Wale watu wangevuka, wangehesabiwa pamoja na wenzao, na hapana mtu angejua. Njia ya pili ni kuandika kwamba watano wametoroka, kupiga king'ora, na kuamsha kambi. Kwa kufanya hivyo lawama yote ingehama kwake ikaenda kwa wao, kwani mtoro ndiye mkosaji, naye askari aliyetoa habari upesi husifiwa. Njia ya kwanza ilikuwa uongo wa kujificha. Ya pili haikuwa mbali sana na kweli, na kwa hiyo ilikuwa ya hatari zaidi. Ingewatwika watu watano neno ambalo hawakulitenda, na neno lile lingewaongezea miaka.

Aliandika hivi, naye alinitajia maneno yake kama mtu anayesoma sala: kumi na wawili wapo, watano wako ng'ambo ya mto, mimi ndimi niliyevuka nikawaacha.

Nimeufikiria sana mstari ule. Sijui kama mjomba aliwahi kusikia habari ya mizigo miwili ya ngamia, lakini kila nilisemapo neno uadilifu darasani, mstari ule ndio ninaouona. Una uzito pande zote mbili. Haukuwaficha waliokosekana, wala haukuwahukumu. Haukumficha mwandishi, wala haukumfanya shujaa.

Hakulala. Kulipopambazuka alikwenda ukingoni pamoja na askari wenzake, na ng'ambo ya pili walikuwako watu wamesimama katika ukungu. Nyapara, kabla ya salamu, aliinua mkono mmoja na kuvitandaza vidole vyake vyote vitano. Maji yalipopungua wakavuka. Mjomba alimwuliza yule nyapara, mtu mzima aliyemzidi umri, ni nini kilichowazuia kwenda zao, maana usiku ulikuwa mrefu na hapana aliyewalinda. "Tulihesabiana, Bwana," akajibu. Mmoja wa vijana akaongeza kwamba njaa nayo ilikuwa kubwa, na kwamba waliisikia kengele ya uji kutoka ng'ambo. Mjomba aliyapenda majibu yote mawili kwa kadiri moja. Yeye mwenyewe alipata barua ya onyo kwa kuvuka kabla ya watu wake, na cheo alichokuwa akikitazamia kilichelewa. Barua ile aliitunza katika bahasha moja na cheti chake cha ubatizo, na alipofariki tuliikuta humo.

Alikuwa na desturi ya kuifananisha barua yake na barua nyingine iliyoipita ukubwa mara elfu. Mwaka wa 1976 katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilifanyika operesheni ya kuwasaka waliotuhumiwa kwa mauaji, na baadhi ya watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, wengine wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani, mwenye dhamana ya polisi na magereza, alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakushika fimbo. Walakini mwaka wa 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendwa chini ya dhamana yake, na Rais Nyerere akamkubalia. Mjomba alikuwa askari mgeni aliposikia habari hiyo redioni. Alisema kwamba askari wengi walistaajabu. Walikuwa wamezoea kuona makosa yakishuka ngazi mpaka kumfikia mtu asiye na wa chini yake wa kumpa, wala hawakujua kwamba kosa laweza pia kupanda.

Huo ni uadilifu wa namna ya peke yake, nami nauona mgumu kuliko ule wa kujizuia usiibe. Asiyeiba hulinda mikono yake. Aliyejiuzulu kwa jambo ambalo hakulitenda amekubali kwamba mikono yake ni mirefu kuliko mwili wake, na kwamba cheo kilichompa heshima ya mambo mema yatendwayo na wengine, hakiwezi kumpa msamaha wa mabaya yao. Ulimwenguni mawaziri wa namna hii hawajapata kuwa wengi. Mwinyi alipelekwa ubalozini Misri, akarudi, akawa Rais wa Zanzibar mwaka wa 1984, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano hata 1995. Alifariki tarehe 29 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98, na katika risala za maombolezo kujiuzulu kule kwa 1977 kulitajwa.

Lakini nilisema kwamba hesabu ya jana haisaidii leo, na sitamwondolea kanuni hiyo mtu ninayemheshimu. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa wakurugenzi katika makampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Tena likasema wazi kwamba sharti hilo lamhusu kiongozi pamoja na mkewe au mumewe, maana waandishi wake walizijua nyumba za watu. Mwezi Februari mwaka wa 1991, Mwinyi akiwa Rais na Mwenyekiti wa chama, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikaa Zanzibar ikayalegeza masharti hayo. Watetezi wa uamuzi huo wana hoja: mali iliyokatazwa ilikuwa imekwisha kujificha chini ya majina ya jamaa, na sheria ivunjwayo gizani huwafundisha watu kuishi gizani. Naielewa hoja hiyo. Siwezi kuikubali yote. Ukuta uliotobolewa na panya hauwi sababu ya kuubomoa, isipokuwa uwe tayari kukesha. Kukesha kwenyewe kulikuja kwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya mwaka wa 1995, iliyowataka kutangaza mali zao. Huo nao ulikuwa mwaka wa mwisho wa urais wake. Basi mtu ni yule yule, na safu ya 1977 katika kitabu chake imeandikwa vizuri mno. Safu ya 1991 wasomaji wataendelea kubishana juu yake. Sioni ajabu katika hayo. Ningeona ajabu kama tungetaka safu moja izijaze nyingine zote, na kila nisikiapo mtu akiitwa mwadilifu kama anavyoitwa mrefu au mweusi, kana kwamba ni umbo alilozaliwa nalo, nakumbuka kitabu cha mjomba.

Mifano ya wakubwa ina madhara yake: humfanya msomaji adhani kwamba uamuzi wa haki huja mara moja katika maisha, pamoja na wapiga picha. Aghalabu huja kwa sauti ya dada yako.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi hupita kwa njia ya mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Young na Fosbrooke, walioandika juu ya ardhi na siasa za Waluguru katika kitabu chao cha mwaka wa 1960, waliyaeleza mengi katika hayo, na mengine hayaelezeki mpaka uzaliwe humo. Mimi nililelewa na mjomba kwa sheria hiyo. Ada yangu ya shule ilitoka katika mshahara wa askari ambaye cheo chake kilichelewa. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu mkubwa alipoingia chuo nilikofundisha, hapakuwa na haja ya kuniambia kwamba zamu yangu imefika.

Mwaka wake wa pili alisoma somo langu. Nilikwenda kwa mkuu wa idara nikamweleza udugu wetu, na karatasi ya mpwa wangu ikasahihishwa na mwalimu mwingine. Alishindwa, kwa alama tatu. Dada alipanda basi akaja. Hakuja kwa shari; alileta ndizi na mchele, akanisalimu kwa jina la cheo changu cha ukoo. "Mjomba," akasema, "mtoto huyu ni wako kabla hajawa wangu. Sikuambii uibe. Nakuambia useme neno moja na mwenzako. Alama tatu ni kitu gani kwa watu mliosoma?"

Ombi lile lilikuwa na haki ndani yake, nami sitaki lionekane dogo. Hakuomba rushwa. Aliidai dhamana niliyoirithi pamoja na jina la mjomba, na kama ningeikana ningekuwa nimekula ada ya shule ya mzee yule bure. Upande wa pili wa mzigo ilikuwapo orodha ya matokeo. Walioshindwa mtihani ule walikuwa wanne. Mmoja alikuwa mpwa wangu. Watatu waliobaki hawakuwa na mjomba katika jengo lile. Ningesema neno moja, na neno lile lingekuwa kweli kwa mtu mmoja na uongo kwa watu watatu, ambao mama zao pia walikuwa na ndizi na mchele, ila hawakujua mlango wa kubisha.

Nilimkatalia. Nikamwambia kwamba nitamfundisha mtoto kila jioni mpaka siku ya mtihani wa marudio, na nikafanya hivyo kwa majuma sita. Alikuja kila siku bila kukosa. Tulianza na ngeli, tukamaliza na ushairi. Alikuwa msikivu, mwandishi wa polepole, mwenye kuogopa ukurasa mtupu. Mtihani wa marudio ulisahihishwa na mwalimu yule yule, akashindwa tena, safari hii kwa alama moja. Aliondoka chuoni.

Ningependa kuandika kwamba majuma yale sita yaliisawazisha mizigo. Dada yangu hakuona hivyo. Katika kikao cha ukoo kilichofuata, tulipokuwa tumekusanyika kwa arobaini ya mzee mmoja huko mlimani, alisimama mbele ya watu akauliza, bila kunitazama, kwamba mjomba asiyemwokoa mpwa wake ni mjomba wa nini. Wazee walinyamaza. Mmoja wao, aliyewahi kusifu ugumu wa mjomba wangu marehemu mbele ya wageni, alisema kwa sauti ya chini kwamba zamani watu walikuwa wanajuana. Sikujibu. Sikuwa na jibu ambalo lingeweza kusemwa mahali pale, kwa watu wale, kwa lugha yetu, kwani katika lugha yetu wale watatu wasiokuwa na mjomba hawana jina. Ni wageni tu, na mgeni hana safu katika kitabu cha ukoo. Huenda hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwa sisi tunaofundisha: kuwatafutia jina.

Yamepita miaka minne. Ningeulizwa leo ningekataa tena, na hilo halinipi usingizi zaidi kuliko lilivyompa mjomba mstari wake. Tofauti yetu ni kwamba watu wake watano walivuka.

Mpwa wangu amerudi nyumbani, analima sehemu ya shamba la mama yangu, ambayo kwa haki ya ukoo ni yake kuliko yangu. Wazee walipatanisha kwamba kila mavuno aniletee debe moja la mahindi, ili pasiwe na mtu wa kusema nimefukuzwa. Msimu uliopita alikuja nalo mwenyewe, limefungwa nyuma ya pikipiki. Aliniamkia kwa heshima zote, akaomba debe tupu la nyumbani kwangu, akamimina mahindi humo mpaka yakafanya kichuguu. Nilimwambia yanatosha, ayaache hivyo hivyo. Akatazama huku na huku akaokota kipande cha ubao, akakipitisha juu ya mdomo wa debe taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili, na yaliyozidi akayarudisha katika gunia lake. Mke wangu alimkaribisha chai. Akasema jua linakwenda, na njia ya mlimani ina matope.